Mwanamke Katika Historia ya Ngara na Biharamulo



Mwanafunzi wa Ngara au Biharamulo akiulizwa historia ya mahali pake, hutaja watemi na mipaka. Atamtaja Suwarora wa Usui, aliyewatoza hongo Speke na Grant mwaka 1861 walipokuwa njiani kwenda Karagwe. Atalitaja boma la Wajerumani pale Biharamulo. Akiwa hodari, ataeleza namna Bugufi ilivyotengwa na Burundi ikatiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Yote hayo yafaa kufundishwa. Lakini katika orodha hiyo hamna jina la mwanamke hata mmoja, kana kwamba migomba ya Bugufi ilijipalilia yenyewe.

Husemwa kwamba zamani mwanamke hakuwa na madaraka, hivyo hana la kuandikiwa. Hoja hiyo haisimami. Kusini, katika nchi ya Buha, Mwami Theresa Ntare alitawala Heru ya Kasulu tangu miaka ya 1940 hadi utawala wa watemi ulipofutwa baada ya Uhuru.

Hata hivyo, mfano wenye mafunzo zaidi si wa mtawala. Ni wa bibi mmoja wa Muleba, wilaya inayopakana na Biharamulo. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Uzee ulipomwelemea, naye hana wa kumtunza, mwezi Agosti 1988 aliliuza kwa Sh. 300,000 kwa mtu asiyekuwa wa ukoo wake. Mtoto wa ndugu yake akamshitaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Sheria ya mila ya Wahaya, kama ilivyoandikwa mwaka 1963, ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini si kuliuza. Mwanamume wa ukoo huohuo aliweza kuuza, na jamaa waliotaka kulikomboa shamba walirudisha fedha za mnunuzi.

Mahakama ya Mwanzo ilibatilisha mauzo. Wengi wangenyamaza hapo. Bibi huyo alikata rufani, na Mahakama ya Wilaya ikampa haki. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba kanuni hiyo ilipingana na Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke ana uwezo uleule wa kuuza alio nao mwanamume. Yafaa ieleweke, maana hukumu hii husimuliwa vibaya vilabuni, kwamba ukoo haukunyang'anywa kitu. Mdai alipewa miezi sita alikomboe shamba kwa bei ileile, kama ambavyo angefanya muuzaji angekuwa mwanamume.

Miaka tisa baadaye Bunge lilitunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayosema kuwa mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Lakini sheria hiyo haikuzifuta kanuni za urithi za mwaka 1963. Katika pengo hilo ndimo mjane huambiwa afunge mizigo kabla matanga hayajaisha, na mara nyingine barua ya kumwondoa huandikwa kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma.

Kwa hiyo suala la jina la Holaria Pastory kutajwa au kutotajwa darasani si la mapambo. Binti wa Darasa la Saba huko Rulenge, atakayekuja kuwa mjane au mrithi, akimjua bibi huyo atajua pia kwamba baada ya Mahakama ya Mwanzo kuna mlango mwingine. Naye Mtendaji wa kijiji atajua kwamba binti huyo anajua.

Majina mengine yamo katika majalada ya mahakama na katika daftari za vijiji. Mengine yamo vichwani mwa wazee wanaokumbuka nani alifyeka pori gani na nani aliuanza mgomba wa kwanza. Wazee hao wanapungua kila msimu wa mvua, na likizo ya walimu ni mwezi wa Desemba.