Marejeo ya Msafiri

Leo twapenda kuzungumza nanyi kwa muda mfupi juu ya jambo ambalo kila mmoja wenu amelipata au atalipata, nalo ni kurudi nyumbani baada ya safari ndefu. Watu wengi hujitengeneza sana wakati wa kuondoka: hufunga mizigo, hutafuta nauli, huaga jirani zao. Lakini wanaojitengeneza kwa kurudi ni wachache, maana wadhani kwamba kurudi ni kufika mlangoni tu, kuvua viatu na kulala. Sisi nasi tulidhani hivyo, mpaka tulipofundishwa.

Kwetu ni Mchafukoge, katikati ya mji wa Dar es Salaam, kando ya Kariakoo. Tulikuwa watu watatu katika lori moja: dereva, utingo, na msimamizi wa mali. Tulipakia sabuni, ndoo na vitenge, tukashika njia ya Tunduma mpakani mwa Zambia, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Lori lile likawa nyumba yetu kwa muda wa siku 19. Mmoja alilala nyuma ya kiti cha dereva, na wawili juu ya shehena chini ya turubai. Tulikuwa na jiko la mkaa, sufuria mbili na dumu la maji. Na pale jua lilipotuchwea, ndipo palipokuwa kwetu.

Usiku wa kuamkia safari, mama mmoja mjane, jirani yetu, alitujia na kikoi kipya na shilingi 50,000. Akasema, “Wanangu, mdogo wangu yuko Makambako. Miaka mitatu sasa sijapata habari zake, na simu yake haiiti. Mtafuteni. Mkimwona mpeni hivi, na mwambieni kuwa mimi bado ni hai.” Tukapokea amana ile, tukaifunga vizuri, tukaondoka.

Basi tulipita Morogoro, tukapita mbuga ya Mikumi, tukapanda mlima wa Kitonga polepole, tukafika Iringa kwenye baridi. Pale Makambako tuliuliza watu wengi, wala hatukupata aliyemjua. Tukaendelea mpaka Tunduma, tukateremsha mali, tukakaa siku nyingi katika foleni ndefu ya malori. Tukapakia mchele Mbeya, tukageuza uso kuelekea pwani.

Katika kurudi tulisimama tena Makambako, tukauliza kwa fundi mmoja wa kuziba magurudumu. Akatutazama sana, kisha akasema, “Mtu huyo nilimjua. Njooni.” Akatupeleka mpaka makaburini, akatuonyesha kaburi lisilokuwa na maandishi. Alikufa kwa maradhi tangu mwaka juzi. Watu wa pale walijua kuwa kwao ni Dar es Salaam, lakini hawakujua mtaa wala nyumba. Fundi yule alikuwa ameiweka leseni yake ya udereva ndani ya sanduku la vyombo vyake, akingoja mtu wa kumpa. Akatupa sisi.

Wasikilizaji wetu, mzigo wa mchele ulikuwa tani nyingi, lakini tangu siku ile kilichotulemea ni kikoi kile. Utingo, ambaye ni kijana mwenye huruma, alisema, “Tumwambie mama kuwa hatukumwona. Si uongo, maana kweli hatukumwona. Tumwache na tumaini lake.” Na sisi wengine, kwa kuwa tulikuwa tumechoka na kuogopa machozi ya mtu mzima, tulikaribia kukubali. Dereva alikaa kimya mpaka tulipoteremka Kitonga na kufika penye mibuyu ya bonde la Ruaha. Hapo akasema, “Mama yule hakututuma tumletee furaha. Alitutuma tumletee habari.” Hakusema zaidi, wala sisi hatukumjibu.

Tuliingia mjini kabla ya alfajiri. Tukapita Ubungo na Magomeni, tukavuka bonde la Msimbazi pale Jangwani, tukafika kwetu. Watu wa Mchafukoge hupenda kutaniana kwa jina la mtaa, maana masikioni mwetu lasema: aliye mchafu na akoge. Nasi tulikuwa wachafu kweli, kwa vumbi na moshi. Tukakoga, tukavaa nguo safi, na baada ya sala ya alfajiri tukaenda mlangoni kwa yule mama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, wanangu. Poleni na safari.”

“Tumeshapoa.”

Macho yake yalishuka mikononi mwetu, akakiona kikoi. Akaketi kizingitini. Hatukuwa na haja ya maneno mengi. Tukamwambia yote kama tulivyoyasikia, bila kuongeza wala kupunguza, tukampa na leseni. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza neno moja tu: “Nani alimwosha?”

Tukamjibu, “Jirani zake, mama. Walimwosha, wakamsalia, wakamzika.”

Akasema, “Alhamdulillahi. Miaka mitatu nimekuwa nikimwombea bila kujua kama ni dua ya aliye hai au ya marehemu. Sasa najua.” Kuhusu zile fedha alisema ziwafikie waliomzika, nasi tukazipeleka Makambako katika safari iliyofuata. Hitima ikasomwa juma lile lile, na mtaa mzima ulikuja.

Twawasimulia haya kwa sababu tunaishi karibu na mahali panapotukumbusha jambo hili kila siku. Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeshi hayo yaliuteka mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, na wapagazi wakawekwa kambini hapo. Mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, kwa hiyo chakula, risasi na wagonjwa vilibebwa na binadamu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na njaa. Jenerali wa Wadachi, von Lettow-Vorbeck, alisalimu amri huko Abercorn, mji ambao sasa huitwa Mbala, nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Waliobaki walirudi makwao. Lakini nyumba nyingi hazikurudiwa na mtu, wala na habari. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 yawataja wapagazi pamoja na askari, lakini haikuandikwa jina la mpagazi mmoja mmoja. Kina mama wangapi walizeeka wakitazama njia, hali yuko mtu aliyeliona kaburi akaona uzito kusema?

Wazee walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kila msafiri hurudi alikoanzia. Basi akirudi na ayafanye mambo haya. Kwanza, akoge na kupumzika kidogo, ili asiseme mambo mazito kwa ulimi wa uchovu. Pili, arudishe kila amana, iwe imefika au haikufika, tena siku ile ile. Tatu, awape watu habari za ndugu zao kama alivyozikuta, kwa upole, na kwa ukweli. Mjumbe hauawi, lakini habari iliyofichwa humla aliyeificha na anayeingoja.

Na wewe uliye kijijini, ikiwa mgeni wa mbali amefia kwenu, andika jina lake na siku aliyozikwa, ukaweke vizuri karatasi ile, kama alivyofanya fundi wa Makambako kwa leseni. Iko siku lori litasimama, na mtu atashuka kuuliza.

Hapo ndipo tunapokomea leo. Twawaombea wote walio njiani wafike salama, na waliofika wakumbuke waliowatuma. Kwaherini.