Waashi wa Kilwa na Msikiti Wao



Atakaye kuujua ustadi wa wajenzi wa kale na autazame Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, katika pwani ya kusini ya Tanzania. Sehemu yake ya kwanza ilijengwa yapata karne ya 11. Mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ulipanuliwa ukawa mkubwa maradufu na zaidi. Ibn Battuta aliuzuru mji huo mwaka 1331, akamkuta Sultani huyo akiitwa Abul-Mawahib kwa wingi wa ukarimu wake.

Wajenzi hao hawakuwa na saruji wala nondo. Bahari ndiyo iliyokuwa ghala yao. Matumbawe yalikatwa chini ya maji yangali laini, yakachongwa kuwa mihrabu na miimo ya milango, kisha yakakauka kwa hewa na jua hata yakawa magumu. Mawe mengine yalipangwa juu ya magogo na kuchomwa mpaka yakawa chokaa, nayo ikazimwa kwa maji na kuachwa ikomae. Kwani chokaa ya haraka hupasua ukuta. Boriti zilitoka katika mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa, urefu wake ndio uliokuwa kipimo cha upana wa chumba. Walipotaka kuupita mpaka huo, waashi wa Kilwa waliinua makuba.

Hata hivyo, ustadi haukuwakinga na msiba. Upanuzi ule wa karne ya 14 uliporomoka. Watu wa Kilwa hawakuuacha msikiti wao. Mwanzoni mwa karne ya 15 waliujenga upya, wakasimamisha nguzo nene zaidi za mawe na chokaa, na juu yake makuba. Baadhi ya makuba hayo yangali yamesimama, na mwaka 1981 magofu ya Kilwa yaliandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia.

Majina ya masultani yamehifadhiwa katika tarehe. Ya waliozamia matumbawe na kuchoma chokaa anayajua Mwenyezi Mungu.

Ndugu Waislamu, ilikuwa pwani hiyo ambako misafara ya karne ya 19 iliuleta Uislamu hata kandokando ya Maziwa Makuu. Misikiti ya bara nayo ilianza kwa udongo na nyasi, kwa jasho la wazee. Jamaa wengi hukusanyika kwa furaha siku ya kuweka jiwe la msingi. Bati linapovuja, mchango hutoweka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Watu wa Kilwa waliujenga ukuta wenyewe, na hawakumngoja mgeni.

Mwenyezi Mungu awarehemu waashi wale, na awajaalie wanaojenga leo subira ya kutunza walichokijenga. Amin.

Wassalaam alaikum.