Antene ya kartie: tudai vipimo



Kila siku tunapata ulizo moja: ile antene iliyopandishwa katikati ya nyumba zetu, inatuua polepole ao hapana? Wengine wanasema twende kuichoma. Leo tuongee bila kudanganyana.

Mawimbi ya antene na ya telefone hayako sawa na miale ya hospitali inayopiga picha ya mifupa. Ile miale inaweza kuharibu chembe za mwili mpaka ndani. Mawimbi ya redio hayana nguvu hiyo. Kazi yao inayojulikana vizuri ni joto: yanatikisa maji ndani ya nyama ya mwili, nyama inapata moto. Damu njo inabeba joto hilo na kulitawanya. Lenzi ya jicho haina damu, kwa hiyo inapoa kwa shida.

Wati 4 kwa kila kilo ya mwili zinaweza kupandisha joto la mwili karibu digri 1. Mpaka wa kimataifa kwa raia ni wati 0,08, ni kusema mara 50 chini. Na kansa? Mwaka 2011, IARC iliweka mawimbi haya kati ya vitu ambavyo labda vinaweza kuileta. Labda, haikusema ndiyo.

Tujue pia hii: ukienda mbali mara mbili, nguvu inabaki robo. Telefone kwenye sikio mara nyingi inapasha kichwa kuliko antene ya barabarani, na rezo ikiwa mbaya, telefone inasukuma zaidi. Kwa hiyo ukichoma antene, unajiongezea mawimbi kichwani.

Lakini hatusemi tunyamaze. Fundi anayepanda antene ikiwa inawaka, huyo anaweza kuungua. Familia ambayo dirisha lake linatazamana na antene ya paa la jirani, iko na haki ya kujua. Bila kipimo, hakuna mtu anajua.

Tunadai vitu vitatu: ARPTC ipime na kubandika matokeo kwenye kila antene, uzio na alama ya hatari, mafundi wasipande kabla ya kuzima.

Jumamosi tutapita avenue kwa avenue, tuandike antene zote na nyumba zilizo karibu. Kuja na kalamu. Kiberiti kibaki nyumbani.