Marehemu Profesa Semesi na Mimea ya Bahari

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mpendae)



Nimetakiwa niseme machache juu ya mtaalamu mmoja wa sayansi. Pengine mlitaraji mtu wa Ulaya. Mimi namtaja marehemu Profesa Adelaida Semesi, mwalimu wa botania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2001. Sikusoma kwake, nimemjua kwa maandishi yake, nami nimeyatumia darasani miaka mingi.

Kila mwanafunzi wa skuli hii anaweza kuikariri usanisinuru: mwanga, maji, hewa ya ukaa, ikapatikana sukari. Mtihani ukipita, imekwisha. Profesa Semesi alikwenda mbele zaidi. Mmea wa baharini ukishaipata sukari yake, huifanyia nini? Mwaka 1977 yeye na Keto Mshigeni walichapisha uchunguzi wao juu ya ute wa mwani mwekundu wa Tanzania. Ute ule umejengwa kwa sukari iliyotokana na jua, nao hutiwa katika dawa ya meno na aiskrimu. Kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, kilichokuwa kikitafutwa na wanunuzi ni ute huohuo. Mama zetu walikuwa wakivuna jua. (Bei waliyolipwa ni habari nyingine, tuiache leo.)

Kisha mikoko. Nendeni Chwaka mkalirambe jani la mchu: chumvi! Mti ule hunywa maji ya bahari, huitoa chumvi kwa majani, na jani lilelile hutengeneza chakula. Likianguka, kaa wanalila.

Mwaka 1991 ulitoka mpango aliouandaa wa mikoko ya Tanzania Bara, takriban hekta 115,000, karibu nusu yake katika delta ya Rufiji. Hakutaka msitu wote ufungwe. Alitenga pa kuachwa kabisa, pa kuvunwa kwa kiasi, pa kupumzishwa mpaka pachipue, na pa shughuli nyingine kama vile chumvi. Kwangu mimi hapo ndipo ukubwa wake ulipo: alijua kwamba mkata boriti naye ana watoto nyumbani.

Vijana, kazi haijesha. Aina ya mwani iitwayo cottonii, ndiyo yenye bei nzuri, inakufa maji yanapopata joto. Mikoko yetu ya Unguja nayo inaendelea kukatwa kwa kuni na makaa. Anatakiwa mtu wa kuhesabu na kupima, tena mwenyeji.

Kwa hivyo, Bwana Mwenyekiti, naomba sehemu ya mchango wa leo iwapeleke wanafunzi wa bayolojia Chwaka, maji yakiwa yametoka. Nimeshazungumza na mwalimu wao. Basi lipo, mafuta ndiyo tunayoyatafuta.