GURUDUMU LIKILIA, LISIKILIZWE

(Maneno ya Katibu wa Chama kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika, Soitsambu. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Nimeombwa nieleze kwa nini Land Rover la ushirika lilizuiwa siku ya mnada. Manung'uniko tumeyasikia. Wapo waliosema dereva ni mvivu. Si kweli, ndugu zangu. Gurudumu la mbele kulia lilikuwa linavuma, naye akasimama. Mfugaji akiona ng'ombe anachechemea, hangoji aanguke ndipo atazame kwato.

Ndani ya habu ya gurudumu mna beringi mbili, ya ndani na ya nje. Ni roli ndogo za chuma kigumu zinazozunguka kwenye kikombe chake, ndani ya grisi. Beringi za namna hii, zenye roli zilizochongoka, Henry Timken wa Marekani alizipatia hati mwaka 1898. Alikuwa mtengeneza magari ya farasi. Uzito wa gari na mzigo wetu wote unakaa hapo.

Adui zake ni vumbi na maji. Njia yetu ya kwenda Mto wa Mbu inapita Engaresero, chini ya Oldoinyo Lengai, mlima uliolipuka mwaka 2007 na 2008. Vumbi la majivu likiingia kwenye grisi linakula chuma kama tupa. Na habu yenye moto ikiingia korongoni kwenye maji, inapoa ghafla na kuvuta maji ndani.

Dalili ni hizi:

1. Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda. Ukikata kona kushoto ukazidi, shuku gurudumu la kulia, maana ndilo linaloelemewa.
2. Habu kuwa na moto kuliko ya upande wa pili. Pima kwa mgongo wa mkono, taratibu.
3. Gurudumu kucheza. Piga jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Uchezaji ukiisha, ni beringi. Ukibaki, tafuta ubovu kwingine, kama kwenye kingipini.

Sasa kubadilisha. Weka mawe kwenye magurudumu mengine, legeza nati kwanza, ndipo upige jeki juu ya ubao mgumu. Weka na gogo imara chini ya ekseli. Jeki peke yake usiiamini hata kidogo. Toa gurudumu, breki, kifuniko cha habu, kisha nati mbili na washa iliyo katikati yake. Vuta habu, lakini kinga beringi ya nje isianguke mavumbini.

Vikombe vya zamani vigongwe vitoke, upande huu kidogo, upande ule kidogo. Usiweke roli mpya kwenye kikombe cha zamani. Hiyo ni hasara tupu. Safisha kwa mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa safi. Beringi mpya ishindiliwe grisi kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Sili nayo iwe mpya.

Kukaza ndiko kwenye kazi. Zungusha habu huku unakaza nati mpaka iwe nzito, kisha legeza kidogo, ibaki nafasi kama unene wa unywele. Ikibana mno itaungua, ikilegea mno itagonga. Kaza nati ya pili, kunja washa. Baada ya safari fupi, pima moto tena.

Ndugu wanachama, gari hili ndilo linalobeba mama mjamzito usiku kwenda hospitali ya Wasso. Beringi ikisagika kabisa, gurudumu linaweza kuchomoka njiani. Mbuzi wa mnada atauzwa mnada ujao. Mama hangoji.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza mambo matatu: gari lipimwe kila mwezi na kila baada ya kuvuka maji mengi, beringi na sili za akiba zikae stoo, na dereva akisema gari halitembei, asilazimishwe na mtu yeyote, awe kiongozi au mwanachama. Tutapiga kura mkutano ujao. Njooni wote.

Ushirika hoyee!

Katibu wa Chama, Tawi