Mwaka Mpya, Moyo Mpya



Kila mwezi wa Julai ndugu zetu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huadhimisha Mwaka Kogwa. Asili yake yahusishwa na Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi. Na kukoga ndiko kuoga, yaani kuuanza mwaka kwa kujitakasa. Wanaume wa pande mbili hupigana hadharani kwa migomba, wanawake wakiimba. Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto, na aliyemo ndani hutoka salama. Baadaye watu hula pamoja, na nyumba iliyokosa mgeni huhesabiwa kuwa imekosa heri.

Tazameni hekima iliyomo. Mgomba ni laini, hauvunji mfupa. Kinyongo hutolewa mbele ya watu wote, kikaishia hapohapo.

Je, sisi? Hapa Kiegeani wapo ndugu wa tumbo moja wasioamkiana kwa ajili ya mnazi mmoja wa mpakani, ilhali kila Dominika husimama katika mstari mmoja wa Komunyo. Bwana ametuagiza kuiacha sadaka mbele ya altare, twende kwanza tukapatane. Si lazima tushike migomba. Yatosha mmoja abishe hodi kwa mwenzake.

Usingoje Julai, wala usingoje Kwaresima. Siku yaja mmoja wenu atabebwa kwenda kaburini, na mnazi ule utabaki umesimama. Nenda leo, jua halijatua.

Mungu awabariki. Amina.