Sindano za Kidevu cha Pili

Mimi ninacho kidevu cha pili, urithi wa bibi yangu, na wapo wanaonishauri nidungwe sindano kiondoke bila kupasuliwa.

Dawa hiyo ipo. Ni asidi ya nyongo, kama ile inayosaidia kumeng'enya mafuta ya chakula. Marekani iliiidhinisha mwaka 2015. Ikidungwa chini ya kidevu, huziharibu chembe za mafuta. Lakini si sindano moja! Kikao kimoja chaweza kuwa na sindano 50, na vikao hufika 6, vikipishana mwezi au zaidi. Mahali hapo huvimba, huuma na kufa ganzi. Mshipa wa fahamu ukidhurika, tabasamu huenda upande kwa majuma kadhaa.

Hayo ni kwa dawa halali. Mwaka 2023 wakaguzi wa dawa wa Marekani walionya juu ya sindano zisizoidhinishwa: zimewaachia watu makovu ya kudumu, maambukizo na mafundo yenye maumivu.

Simkatazi mtu, uso ni wake. Ila kabla hujainua shingo, muulize mdungaji: wewe ni daktari? Dawa hii imesajiliwa? Akibabaika, jiondokee na kidevu chako.